Binti yangu anaenda chuo, na dawa zake za kifafa nazishika mimi

Shangazi, hujambo na kazi?

Mimi ni baba wa watoto watatu. Ninayekuandikia habari zake ni wa kwanza, binti wa miaka 17. Alipokuwa na miaka 13 alianza kushtuka mikono asubuhi, kijiko kinaruka, tukadhani ni utundu. Baadaye akaanguka bafuni, akakakamaa, mwili ukatukutika, ndipo tukajua kuwa ni kifafa. Daktari wa watoto alitueleza kwamba ni ile aina inayoanza umri wa kubalehe na hupenda kujitokeza mtu anapoamka. Tangu hapo anatumia valproeti, asubuhi na jioni.

Dawa nazishika mimi. Nazitoa kabatini, nampa mkononi, nasimama hadi ameze. Kliniki nampeleka mimi, kwa kuwa kazi ya mama yake haina ruhusa za mara kwa mara. Usiku mlango wa chumba chake haufungwi, wangu pia haufungwi, na nikisikia kitanda kimelia naamka. Mke wangu ananiambia nimegeuka askari. Labda. Lakini mtoto hajaanguka tangu mwaka jana, siku aliyokesha akisomea mtihani, na naamini ni kwa sababu ya uaskari huo. Siku hizi ni kikombe tu kinamponyoka mara mojamoja asubuhi, basi.

Sasa mambo matatu yamenijia kwa mpigo. La kwanza, amepata nafasi ya chuo katika mji mwingine, mwendo wa karibu kutwa nzima kwa basi, na atakaa bwenini. La pili, kliniki ya watoto wametuambia akitimiza miaka 18 atahamia kliniki ya watu wazima. Siku hiyo daktari alimgeukia yeye, akamuuliza, "Unatumia dawa gani, na kiasi gani?" Binti yangu akanitazama mimi. Daktari akasubiri. Mwishowe nikajibu mimi, na tulipotoka pale hakunisemesha hadi nyumbani.

La tatu ndilo zito. Juzi nikitafuta chaja kwenye mkoba wake nilikuta vidonge vimefungwa katika karatasi ya daftari. Si kimoja, si viwili. Nilipomuuliza akalia, akasema dawa zinamnenepesha, nywele zinakatika, na siku nyingine hukibana kidonge chini ya ulimi mpaka nigeuke.

Nimewaza kumzuia asiende, asome chuo cha karibu hata kama si kozi anayoitaka. Mama yake amekataa katakata. Njia nyingine niliyoifikiria ni kuuandikia uongozi wa chuo barua bila yeye kujua, wampe chumba jirani na mlezi wa bweni, nami niwe nampigia simu asubuhi na jioni ameze nikisikia. Halafu yapo mambo ya kike ambayo mimi kama baba siwezi kuyazungumza naye, unanielewa. Je, nikimwachia kila kitu si nitakuwa nimemtupa?

Baba Asiyelala

*

Ndugu yangu Baba Asiyelala,

Naanza na kikombe, kwa sababu umekipita upesi mno. Mtu mwenye aina ya kifafa uliyoieleza, mkono ukimshtuka asubuhi na kikombe kikamponyoka, hicho nacho ni kifafa. Ni kidogo, fahamu hazipotei, kufumba na kufumbua kimekwisha. Lakini chanzo chake ni kilekile cha kifafa kikubwa, na mishtuko hiyo ikija mingi mfululizo asubuhi huweza kuishia kwa mtu kuanguka kabisa. Kwa hiyo ugonjwa wa binti yako haujatulia kama ulivyodhani. Je, daktari anajua? Nina mashaka. Kila akiuliza kama mtoto ameanguka, wewe unajibu hapana, na ni kweli hajaanguka. Anayejua habari za mikono yake ni yeye, naye ndiye asiyefungua mdomo mle ndani.

Sasa unganisha kikombe na ile karatasi ya daftari. Kunenepa, nywele kukatika na mikono kutetemeka ni madhara yanayojulikana ya valproeti. Mtoto hakuyatunga. Msichana wa miaka 17 anayeona nywele zake zimebaki kwenye kitana, na ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza dawa hizo zinamfanyaje, atafanya hicho alichofanya. Wenzake wengi wa umri huo wenye kisukari, pumu au ugonjwa mwingine wa kudumu hufanya vivyo hivyo. Ulinzi wako ulimfundisha kuficha, haukumfundisha kumeza.

Na kuficha huko kuna ubaya ambao huenda hujauona. Daktari akisikia kwamba mishtuko ingalipo, huku akiamini dawa inamezwa yote, anachoweza kufanya ni kuongeza dozi au kuongeza dawa ya pili. Madhara yatazidi, naye ataficha zaidi. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo daktari anapaswa kusikia, kabla ya habari za chuo, ni ukweli huu: baadhi ya vidonge haviliwi, na sababu ni hii. Aliseme yeye binti, kwa kinywa chake. Akishindwa kusema, aandike kwenye karatasi ampe daktari. Asigombezwe. Na mwambie leo hii kwamba hata akiichukia vipi dawa hiyo asiiache ghafla. Kuacha dawa za kifafa kwa mkupuo mmoja kunaweza kuleta kifafa kisichokoma, kinachoendelea dakika nyingi bila mtu kurudiwa na fahamu, na hicho huua.

Sikulaumu kwa kuzishika. Dawa za mtoto wa miaka 13 hushikwa na mzazi, ndivyo inavyotakiwa. Ila mtoto amekua na utaratibu umebaki uleule.

Nije kwenye lile unaloona haya kulitaja, maana huenda ndilo kubwa kuliko yote uliyoyaandika. Valproeti na mimba havipatani. Katika kila watoto 100 waliokaa tumboni mama akiitumia, karibu 10 huzaliwa na kasoro kubwa za maumbile, ilhali kwa wanawake wengine ni 2 au 3. Tena watoto 30 hadi 40 kati ya 100 huchelewa au hupata matatizo katika kujifunza, kuongea na tabia. Mgongo wa mtoto hufungika ndani ya wiki 4 za mwanzo tangu mimba itungwe, wakati mama wengi hata hawajashtuka kuwa siku zao zimechelewa. Ndiyo maana mazungumzo haya hayasubiri mchumba wala harusi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwamba wasichana na wanawake walio katika umri wa kushika mimba wasiandikiwe dawa hii, kwa sababu ya ukubwa wa hatari hiyo.

Hilo halina maana kwamba daktari wenu alikosea. Kwa kifafa cha aina hii valproeti ni dawa yenye nguvu sana, na wapo ambao nyingine hazikuwafaa. Maana yake ni kwamba binti yako anastahili kuulizwa upya, sasa, akiwa na akili ya kuamua. Pengine atahamishiwa levetirasetamu au lamotrijini, kidogokidogo, moja ikipanda na nyingine ikishuka. Nazo zina yake: levetirasetamu huwafanya wengine wawe na hasira za karibu au majonzi, na lamotrijini kwa baadhi ya watu huzidisha ile mishtuko ya mikono. Mabadiliko ya namna hiyo ni bora yafanyike akiwa bado nyumbani, katika miezi hii iliyobaki, kuliko wiki ya kwanza ya masomo.

Uzazi wa mpango nao una hesabu zake kwa mwenye kifafa. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, ambazo nazo ni dawa za kifafa, hupunguza nguvu ya vidonge vya kuzuia mimba na vipandikizi vya mkononi. Vidonge vya kuzuia mimba vyenye homoni ya estrojeni navyo huishusha lamotrijini mwilini, na kifafa kinaweza kurudi. Kitanzi cha shaba hakiingiliani na dawa yoyote kati ya hizo. Hakuna anayekutaka wewe baba ukae na binti yako mtaje mambo hayo. Anaweza mama yake, anaweza nesi wa kliniki. Kazi yako wewe ni kutoka nje ya chumba cha daktari ili yasemwe.

Ndiyo, utoke. Najua inauma. Anzeni hivi: ziara ijayo ingieni wote wawili, msalimie daktari, useme la kwako ukiwa nalo, kisha uwaage ukae kwenye benchi nje. Mle ndani binti atauliza kuhusu pombe, kuhusu mvulana, kuhusu nywele, mambo ambayo hatayauliza ukiwa umeketi pembeni yake hata ungekuwa baba mpole kuliko wote. Akitoka usimhoji. Atakuambia atakachokuambia. Na ile siku ya "unatumia dawa gani", nadhani ukimya wake njiani haukuwa kukukasirikia wewe. Aliona aibu kwamba hajui.

Asijue kwa nini, ilhali anameza mara mbili kila siku? Kwa sababu hajawahi kulazimika kujua. Wataalamu wengi hushauri maandalizi ya kumkabidhi kijana ugonjwa wake yaanze akiwa na miaka 12 hadi 14, polepole, ili miaka 18 ikifika pasiwe na mshtuko. Kwenu yamechelewa, hayajapitwa. Itabidi mwende kwa mwendo wa haraka kidogo.

Nunueni kile kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku saba, asubuhi na jioni. Akijaze yeye mara moja kwa wiki, na mwanzoni wewe uwe unakiangalia siku ya kujaza tu. Katikati ya wiki usikiguse. Simu yake imkumbushe, si wewe. Ajifunze jina la dawa, miligramu, na zimebaki za siku ngapi, na yeye ndiye aende dirishani kuchukua nyingine kabla hazijaisha. Amuulize daktari mapema afanye nini akisahau dozi, kwa sababu jibu hutegemea dawa yenyewe na saa iliyopita, na kumeza mbili kwa pamoja ili kufidia si jambo la kujiamulia. Awe na daftari au ukurasa kwenye simu wa kuandika kila mshtuko: siku, saa, alilala saa ngapi, alikosa dozi au la. Akikosea katika miezi hii wewe uko chumba cha pili. Huko chuoni hutakuwepo, ndiyo maana afadhali akosee sasa.

Kuhusu kliniki ya watu wazima. Kwa watoto daktari huzungumza na mzazi, muda huwa wa kutosha kidogo, kila mtu anamjua mtoto kwa jina. Kwa watu wazima muda ni mfupi, anayehojiwa ni mgonjwa, na siri yake ni yake. Daktari hatakupigia wewe simu kukueleza lolote bila idhini ya binti. Waombeni wa zamani wakutane na wapya, hata kwa simu, hata mara moja. Likishindikana, msiondoke kliniki ya watoto bila barua ya muhtasari: aina ya kifafa kwa jina lake la kitaalamu, umri kilipoanza, majibu ya kipimo cha umeme wa ubongo na ya picha kama ilipigwa, dawa zote alizowahi kutumia na kwa nini ziliachwa, dozi ya sasa, mara ya mwisho kuanguka. Nakala moja ikae kwenye simu yake.

Msiione barua hiyo kuwa ya ukarani tu. Aina ya kifafa ndiyo inayomwongoza daktari mpya katika kuchagua dawa. Kabamazepini na fenitoini, ambazo kwa kifafa cha aina nyingine ni dawa nzuri tu, kwa aina hii ya binti yako zinaweza kuchochea mishtuko badala ya kuituliza. Daktari asiyemjua, akiona tu neno "kifafa" kwenye faili, anaweza kuandika mojawapo kwa nia njema kabisa. Binti mwenyewe ajue kulisema hilo. Na tarehe ya miadi ya kwanza kule wanakompeleka iwe mkononi kabla tarehe ya mwisho ya hapa haijapita, pamoja na akiba ya dawa ya kuvukia kipindi hicho. Vijana wengi hupotelea hapo: wametoka upande mmoja, hawajapokelewa upande wa pili, dawa zimekwisha, na mtu wa kwanza wanayekutana naye ni daktari wa zamu ya usiku.

Atakutana pia na watu watakaomwambia kifafa huisha mtu akikua. Kwa aina fulani za utotoni ni kweli, kwa mfano ile ya mtoto kuduwaa sekunde chache kisha akaendelea na shughuli. Hii ya binti yako hutulizwa vizuri na dawa, lakini kwa wengi hurudi dawa zikiachwa, hata baada ya miaka mingi ya utulivu. Asifanye majaribio ya kuacha akiwa peke yake bwenini.

Sasa swali lako kuu: umzuie? Usimzuie. Kumfungia kozi asiyoitaka ili uendelee kumsikia usiku si matibabu, na vidonge vilivyokuwa kwenye karatasi vilifichwa ukiwa umesimama mbele yake. Ila nakuunga mkono katika jambo moja: asiondoke kabla dawa haijatulia na mishtuko ya asubuhi haijazungumzwa. Kama daktari ataona wanahitaji miezi zaidi, ulizeni chuo kama nafasi inaweza kusubiri muhula.

Maisha ya chuo yana adui mmoja mkubwa kwa kifafa hiki, nao ni kukesha. Wewe mwenyewe umeandika kwamba alianguka siku aliyokesha na vitabu. Mtihani, sherehe, safari ya usiku, yote hukata usingizi, na asubuhi yake ndiyo saa ya hatari. Pombe huongeza hatari hiyo: anayekunywa hulala vibaya, husahau dozi, na ubongo huchokozeka zaidi pombe inapotoka mwilini. Sisemi ahubiriwe, maana vijana wakihubiriwa huitika tu. Afahamu jinsi mambo hayo yanavyoshikana, kisha apange ratiba yake ya kusoma mchana. Vyuo vingi vina utaratibu wa kumpa mwanafunzi mwenye ugonjwa wa kudumu muda wa ziada au saa nyingine ya mtihani, lakini ni lazima aombe, na aombe mapema. Pia awe na tahadhari na dawa za kununua bila cheti. Tramadoli, kwa mfano, ambayo watu hupeana kwa maumivu kama peremende, inaweza kuchochea kifafa.

Bwenini aombe kitanda cha chini. Vile vya ghorofa, juu si pake. Aoge kwa bomba la mvua akiwa amesimama au ameketi kwenye kigoda, si kulala ndani ya maji, na mlango usifungwe kwa komeo. Kuogelea ni pamoja na mtu anayejua hali yake na anayeweza kumtoa. Jikoni sufuria ikae jiko la nyuma. Kwa kijana haya yanasikika kama orodha ya makatazo, kwa hiyo mwache aseme mwenyewe lipi atalifanyaje. Nimeona vijana wakibuni njia bora kuliko zetu.

Anayelala naye chumba kimoja lazima ajue. Siyo bweni zima, siyo darasa zima. Huyo mmoja, na mwingine mmoja au wawili anaowaamini. Awafundishe yeye: atazame saa, aondoe vitu vigumu karibu, aweke kitu laini chini ya kichwa, mtikisiko ukipungua amgeuze kwa ubavu, akae naye hadi ajitambue. Asimtie kijiko wala kidole mdomoni, asimkandamize, asimnyweshe maji. Povu haliambukizi. Dakika 5 zikipita bila kukoma, au kikianza kingine kabla hajarudiwa na fahamu, au ameumia, aite msaada wa hospitali. Rafiki aliyeelezwa hivi kabla hujua la kufanya. Asiyeelezwa hukimbia, au hufanya lile la kijiko.

Kuna jambo nitakalolitaja ijapokuwa huenda likakuzidishia kukosa usingizi, kwa kuwa nadhani ndilo unaloliogopa bila kulitamka. Watu wenye kifafa wanaweza kufariki ghafla, mara nyingi usingizini, bila sababu nyingine kuonekana. Kwa wastani hutokea kwa mtu 1 kati ya watu wazima 1,000 wenye kifafa kwa mwaka. Hatari huwa kubwa zaidi kwa wale wenye kifafa kikubwa cha kukakamaa na kutukutika kinachojirudia, hasa cha usiku, na hupungua sana kifafa hicho kikidhibitiwa. Binti yako ana haki ya kuambiwa hili na daktari, kwa utulivu, pamoja na hicho kinachompunguzia hatari: dawa kila siku na usingizi wa kutosha. Vijana wengi wakishalisikia hawavunjiki moyo. Wanauliza kwa nini hawakuambiwa mapema. Na wewe, ndugu yangu, muulize daktari huyohuyo kama bado kuna haja ya kulala milango wazi, ili uanze kufunga wako.

Udereva: karibu kila nchi hudai mtu akae kipindi fulani bila kifafa kabla ya kuruhusiwa, mara nyingi miezi 6 hadi 12, na mishtuko ya asubuhi mara nyingi huhesabiwa. Asiifiche ili apate leseni. Kazi nyingi ziko wazi kwake. Zinazohitaji tahadhari ni za juu ya paa na minara, mashine zenye visu na zile za kuendesha magari.

Majonzi yanahitaji neno zaidi. Sonona huwapata wenye kifafa zaidi ya watu wengine, na mwaka wa kwanza mbali na nyumbani ni mgumu hata kwa asiyeumwa. Ukiona amejitenga, halali, au anasema maneno ya kuchoka na maisha, muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, nendeni hospitali siku hiyohiyo, na mkumbuke kumtajia daktari dawa anazotumia.

Niseme kidogo na wazazi wengine wanaosoma hapa ambao watoto wao wana kifafa pamoja na ulemavu wa akili. Kwenu "mwachie ajishughulikie" si jibu. Akitimiza miaka 18 sheria inaweza kumhesabu mtu mzima hata kama hawezi kujaza kisanduku cha dawa, na mnaweza kukuta hospitali haikubali sahihi yenu tena. Ulizeni mwaka mmoja kabla, kwa daktari na kwa ofisi ya ustawi wa jamii, ni nani atakayeruhusiwa kumwamulia na kwa karatasi gani. Hata huyo, anachoweza kujichagulia achague.

Nimebakiza simu na barua ya siri. Simu ya asubuhi na jioni ya kusikiliza mtoto akimeza, hapana. Ni kule kusimama mbele yake kwa njia ya mtandao, naye ameshajua kukuzunguka. Mkubaliane siku ya kuongea kama baba na binti, na dawa zisiwe salamu ya kwanza. Mnaweza kukubaliana pia kwamba akianguka utaarifiwa, na nani atakayekuarifu. Hilo ni ombi la haki kabisa na nadhani hatalikataa.

Barua, usiipeleke. Siku akigundua, na atagundua mlezi wa bweni atakapomfuata na pole zake, hatakuambia tena hata kuhusu kikombe. Kumjulisha mlezi na ofisi ya wanafunzi ni wazo zuri, ila barua iandikwe na yeye. Kaa naye kama anataka msaada wa maneno. Aeleze ana kifafa cha aina gani, kikitokea kinakuwaje, wafanye nini, wampigie nani, na kwamba angependa kitanda cha chini. Atakalotaka lisiandikwe, lisiandikwe.